Pikipiki ya Safari Ndefu: Itunze Mwenyewe Nyumbani

Siku hizi katika sehemu nyingi za nchi yetu pikipiki ndiyo punda wa mkulima. Alfajiri hupeleka maziwa kwenye chama, mchana huleta gunia la chakula cha ng'ombe, na siku ya soko huenda safari ndefu mpaka mji wa mbali na kurudi usiku. Lakini tazama tofauti iliyopo. Punda akianza kuchechemea, mwenyewe humwinua mguu siku ile ile akamtazama kwato. Pikipiki ikianza kutoa sauti ngeni, mwenyewe huongeza mwendo ili asiisikie.

Somo la mwezi huu ni juu ya kuitunza na kuitengeneza pikipiki ya kazi hiyo nyumbani, kwa mikono yako mwenyewe, na juu ya vitu vichache unavyoweza kuiongezea ili iweze safari na mizigo. Hatusemi kwamba fundi hana kazi. Anayo, nasi tutaitaja. Lakini mambo mengi yanayoua pikipiki ni mambo madogo ambayo mwenyewe angeweza kuyazuia kwa saa moja ya Jumapili.

Fikiri juu ya maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri hayakungoji. Yakikaa saa mbili au tatu bila kupozwa, vijidudu huongezeka upesi, na mpokeaji atayapima ayakatae. Basi cheni ikikatika njiani, hasara yako si bei ya cheni peke yake, bali ni bei ya cheni pamoja na maziwa yote ya siku ile. Hiyo ni hasara ya mfuko. Hasara ya breki ni ya namna nyingine, na tutaifikia.

Pikipiki tunayoizungumza hapa ni ile ya kawaida ya cc 100 hadi 150, yenye silinda moja inayopozwa kwa upepo. Vipimo tutakavyovitaja ni vya pikipiki nyingi za namna hiyo, lakini kila moja ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho hakimu. Ikiwa kitabu chako kimepotea, mwombe muuzaji kingine. Usikubali kuambiwa kwamba hakina maana.

Vyombo vinavyohitajiwa si vingi: spana za namba 8 hadi 17, spana kubwa ya nati ya ekseli ya nyuma, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, na geji ya kupimia upepo wa magurudumu. Tafuta pia beseni kuukuu, mswaki wa zamani, matambara safi na chupa ya mafuta ya taa. Kisha nunua daftari. Kama unavyoandika maziwa ya kila ng'ombe, andika na kilomita za pikipiki, siku uliyobadilisha oili, siku uliyokaza cheni. Mtu asiye na daftari husema, "Nilibadilisha oili juzi juzi tu," na hiyo juzi ilikuwa kabla ya mvua za masika.

OILI YA INJINI

Injini hizi huchukua oili kidogo sana, karibu lita moja tu. Lita hiyo moja hulainisha injini, gia na klachi, na pia husaidia kuipoza injini. Ikipungua kwa kikombe kimoja, ni pungufu kubwa. Kwa hiyo pima oili kila juma injini ikiwa imepoa na pikipiki imesimama wima kwenye stendi kubwa, wala si kuegemea upande mmoja.

Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000 za kwanza, kwa maana vyuma vipya husagana. Baada ya hapo kitabu kitakuambia ni kila kilomita ngapi. Lakini jihadhari: pikipiki inayobeba mzigo kila siku katika vumbi na milima hufanya kazi ngumu kuliko ile ya mtu wa mjini. Ushauri wetu ni kwamba pikipiki ya namna hii isipite kilomita 2,000 bila oili mpya, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Bei ya lita moja ya oili ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya pistoni na silinda.

Nunua oili ya pikipiki ya injini yenye mwendo wa nne. Nyingi hutaka oili ya unene wa 20W-50, nayo iwe na alama ya JASO MA kwenye chupa. Alama hiyo si pambo. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili nyingine za motokaa zina dawa ya kupunguza msuguano ambayo huifanya klachi iteleze. Utasikia injini inanguruma na pikipiki haipandi mlima.

Namna ya kubadilisha ni hii. Washa injini dakika tano ipate joto, kisha izime. Weka beseni chini, fungua bolti ya chini, na uache oili itiririke mpaka itone tone kwa tone. Ikiwa kuna chujio dogo la waya, litoe ulioshe kwa mafuta ya taa na ulikaushe. Tazama ile oili chafu mwangani. Weusi si kitu, lakini ukiona vipande vya chuma vinavyometameta, pikipiki hiyo iende kwa fundi kabla ya safari nyingine.

Rudisha bolti na washa yake mpya, kisha ikaze, lakini usiikaze kama unayefunga nira ya plau. Mwandishi wa somo hili alifanya hivyo mwaka wake wa kwanza wa kuwa na pikipiki. Injini ni ya alumini na bolti ni ya chuma, na katika ubishi wao alumini ndiyo iliyoshindwa. Nyuzi za tundu zilitoka zote kama mkufu. Gharama ya kutengeneza tundu hilo ilikuwa kubwa kuliko oili ya mwaka mzima, na kwa siku nne maziwa yalikwenda kwa miguu. Kaza mpaka bolti ikae imara, ongeza kidogo tu, basi.

Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na mto, wala usimpake ng'ombe kidonda au kupe kama wengine wafanyavyo, maana ni sumu. Itie katika mtungi wenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji au kituo cha petroli kinachoikusanya.

VUMBI NA HEWA

Injini hula hewa nyingi kuliko petroli, na barabara zetu za murram huitilia vumbi. Vumbi likipita ndani husaga silinda kama msasa. Fungua kisanduku cha chujio la hewa kila kilomita 1,000 wakati wa kiangazi. Chujio la sponji hufuliwa kwa mafuta ya taa, hukamuliwa kwa kulibana bila kulisokota, na likishakauka hupakwa oili safi kidogo na kubanwa tena. Chujio la karatasi halifuliwi. Ligongegonge kwa upole na ulipulizie kutoka ndani kwenda nje. Likiwa jeusi au limelowa oili, nunua jingine. Wako vijana wanaolitupa kabisa chujio ili pikipiki iwe na nguvu. Nguvu hiyo ni ya miezi michache tu.

Wakulima wa nyanda za juu, kama Kinangop na Ol Kalou, huuliza kwa nini plagi zao ni nyeusi kila mara na pikipiki hazina nguvu kama za rafiki zao wa pwani. Mahali palipo mita 2,400 juu ya bahari hewa ni nyepesi, pungufu karibu sehemu moja katika tano, lakini kabureta ya kawaida huendelea kumimina petroli kama iko bondeni. Petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, na masizi hukaa kwenye plagi. Kwanza safisha chujio, kwa sababu chujio lililoziba huleta dalili hizo hizo. Kisha safisha plagi kwa mswaki wa waya na upime nafasi yake, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Usikimbilie kubadilisha jeti ya kabureta. Mtu aliyeweka jeti ndogo akateremka bondeni na mzigo mzito aweza kuichoma injini kwa kukosa petroli.

CHENI

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia ziwe huru, na uizungushe gurudumu la nyuma polepole ukiishika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili. Mahali inapokaza zaidi ndipo pa kupimia. Ipande na kushuka kiasi cha milimita 20 hadi 30. Ikilegea zaidi yaweza kuruka na kufunga gurudumu. Ikikazwa mno hukatika, au huharibu beringi za gurudumu na za sproketi ya mbele.

Ukitaka kuikaza, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha virekebishi vya kushoto na kulia kwa kiasi kile kile, ukitazama alama za pande zote mbili. Kama alama hazilingani, gurudumu limekaa upande, na cheni na tairi vitalika upesi. Funga nati, pima tena, na urudishe pini yake ya usalama. Halafu rekebisha pedali ya breki ya nyuma, maana gurudumu likisogea breki nayo hubadilika. Watu wengi husahau jambo hili la mwisho.

Safisha cheni kwa mswaki na mafuta ya taa, ikaushe, na uipake oili nzito ya gia upande wa ndani, jioni, ili ipate usiku mzima wa kuingia. Oili chafu ya injini isitumike, kwa sababu imejaa vumbi la chuma. Na ukifunga ile klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliozibika uelekee mbele, kule cheni inakokwenda, na mdomo ulio wazi uwe nyuma. Ukiigeuza, jiwe moja la barabarani laweza kuing'oa.

Cheni iliyokwisha utaijua hivi: ivute kwa kidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ukiweza kuona nusu ya jino, imekwisha. Basi badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huharibika upesi sana.

BREKI, NA MTEREMKO

Hapa, msomaji, tunakuomba usome polepole.

Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Mitungi miwili ya lita 50 ikijaa ni kilo 103 za maziwa, bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe. Pikipiki nyingi za cc 150 zimekusudiwa kubeba kilo 130 hadi 150 tu, pamoja na mwendeshaji. Mwendeshaji mwenye kilo 70 na mitungi hiyo miwili amekwisha kuvuka mpaka kabla ya kumpakia mtu. Sasa mtu huyo akiteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, mteremko wa zaidi ya mita 500, uzito wote huo unazuiwa na vipande viwili vya breki ndani ya drami ndogo.

Ukishika breki muda mrefu drami hupata joto kali, na breki yenye joto kali hushika kidogo kidogo mpaka haishiki tena. Wengine, ili kuokoa petroli, huzima injini au hutoa gia wakateremka bure. Huko ni kuiachia breki kazi yote. Kabla mteremko haujaanza, tia gia ya tatu au ya pili na uiache injini izuie mwendo. Bonyeza breki zote mbili kwa vipindi, kisha ziachie zipoe. Ukisikia pedali inakwenda mbali kuliko desturi au ukanusa harufu ya kuungua, simama kando ya barabara ukae robo saa. Usimwagie drami maji.

Nyumbani tazama mkono wa breki pale kwenye drami. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo wenye mpaka wa kuonyesha kwamba vipande vya ndani vimekwisha. Ukibonyeza pedali na mshale ukafika mpakani, usikaze nati tena, badilisha vipande. Pedali ya nyuma icheze kiasi cha milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Ukifungua drami, pangusa vumbi lake kwa tambara lenye maji, usilipulize kwa mdomo, kwa kuwa ni baya kwa mapafu. Tone moja la grisi likigusa vipande vile, umeviharibu.

Pikipiki yenye breki ya disiki mbele ina kikopo kidogo cha mafuta ya breki kwenye usukani. Kifuniko chake kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Fuata maandishi hayo, na utumie chupa ambayo haijafunguliwa zamani, kwani mafuta hayo hunywa maji kutoka hewani. Yabadilishwe kila miaka miwili. Liva ya breki ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani ya mpira. Kama hujafundishwa kuitoa, mwite fundi.

Magurudumu pia ni sehemu ya breki. Pima upepo asubuhi yakiwa baridi. Mara nyingi ni 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, au 32 ukiwa na mzigo. Tazama pia umri wa tairi. Ubavuni zimeandikwa tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi kuukuu lenye nyufa si rahisi hata kama limeuzwa kwa nusu bei.

KUIONGEZEA PIKIPIKI

Mkulima anayesafiri mbali aweza kuongeza vitu vitatu kwa faida. Cha kwanza ni keria imara iliyofungwa kwa bolti kwenye sehemu za fremu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mzigo ukae chini na karibu na mgongo wako. Mzigo ulio nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Usikubali fremu ichomelewe ovyo, kwa kuwa chuma hudhoofika kando ya mchomeleo.

Cha pili ni springi za nyuma zilizo nene kidogo kuliko za kwanza, ambazo mafundi huziita shoku. Kumbuka kwamba springi nene haziongezi uzito unaoruhusiwa. Zinazuia pikipiki isigonge chini tu. Fremu, ekseli na breki ni zile zile.

Cha tatu ni sproketi kubwa ya nyuma. Ikiwa ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42, ukiweka ya nyuma ya meno 45 pikipiki itavuta zaidi kwa karibu sehemu saba katika mia, na mwendo wake wa juu utapungua kiasi hicho hicho. Kwa mtu wa milima hiyo ni biashara nzuri. Huenda ukahitaji cheni ndefu zaidi.

Taa kubwa za ziada zinapendwa sana, lakini fanya hesabu kwanza. Taa ya wati 55 kwenye betri ya volti 12 hula karibu ampea 4.6. Betri ndogo ya ampea 5 kwa saa itaisha katika muda wa saa moja hivi ikiwa injini haiwezi kuijaza. Taa za LED zenye wati chache hufaa zaidi, nazo ziwe na fyuzi yake.

KAZI ZA FUNDI

Usifungue injini yenyewe, wala sanduku la gia. Kunyoosha fremu au fomu za mbele zilizopinda si kazi ya nyumbani. Nafasi za valvu hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukiwa na vibamba vya kupimia na umekwisha kuonyeshwa, waweza kuzipima injini ikiwa baridi kabisa, na kama sivyo mwachie fundi. Umpelekee na daftari lako. Fundi mwema atafurahi kuliona, na asiye mwema atajua kwamba huyu si mtu wa kuuziwa plagi asiyoihitaji.

Njiani injini ikikataa kuwaka, usipige kiki mpaka uchoke. Je, kifungo cha kuzimia kiko mahali pake? Petroli ipo, na koki imefunguliwa? Fungua plagi uitie katika kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na tundu la plagi na petroli, kisha upige kiki mara moja huku umeishika kofia ya mpira tu. Cheche ya buluu ni njema. Kama hapana cheche, jaribu plagi ya akiba, ambayo haikosi katika mfuko wa msafiri, pamoja na klipu ya cheni, waya wa klachi na mpira wa ndani wa gurudumu.

Jioni ya kabla ya safari, pima oili, cheni na upepo, jaribu taa zote pamoja na taa ya breki, na uandike kilomita katika daftari. Asubuhi, kabla hujapakia mitungi, sukuma pikipiki hatua tano na ushike breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Kama mojawapo haikuisimamisha pale pale, tafuta njia nyingine ya kupeleka maziwa siku hiyo.